Kifungo cha Uzi wa Bluu

Kwa ndugu yangu Jicho,

Pokea salamu zangu, nyingi na za moto, maana nakuandikia juu ya meza ya kukatia nguo na pasi bado inapoa hapa pembeni. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kikohozi kimekuacha, na vumbi la huko bwawani halijakugeuza rangi. Mimi mzima wa mwili. Mgongo unalalamika kama kawaida yake, lakini cherehani inazunguka na wateja hawajanikimbia. Shemeji yako hajambo, anakusalimu sana, na anauliza kama hao mafundi wenzako wamejifunza kupika au bado mnakula vilivyoungua.

Mama yako nilimpitia Ijumaa kumpelekea gauni lake. Alilivaa palepale, akajigeuza mbele ya kabati, akasema mikono ni mirefu. Mikono si mirefu hata kidogo, lakini nani atabishana na mama? Nimeipunguza. Ana afya, anacheka, na kila anayepita mlangoni anaambiwa kwamba mwanawe anarudi likizo mwisho wa mwezi.

Hapa ndipo habari zenyewe zinapoanzia. Tangu uondoke miezi minane iliyopita kwenda kufunga umeme huko kwenye ujenzi wa bwawa, utaratibu wetu wa filamu haujayumba. Kinyozi anaendelea kunakili filamu moja kwenye flashi mbili, moja inatangulia kwako na dereva wa lori la vipuri, nyingine tunaitazama sisi Jumatano katika chumba cha nyuma cha saluni yake. Jumapili mchana tunakaa kwenye vile viti vya kunyolea, mimi, yeye, Muuguzi na Mwalimu wa hesabu, tunabishana mpaka sauti zinakauka. Na kwa kuwa huko mtandao haushiki, maoni yako yanakuja kwenye karatasi, na msomaji ni mimi, kwa sababu huo mwandiko wako hakuna mwingine anayeuweza.

Nikwambie kitu ambacho sijawahi kukiandika. Huo usomaji umenitesa, ndugu yangu. Nikifungua bahasha yako, wote wanageuza viti kunielekea. Kinyozi anazima redio. Mwalimu, ambaye mimi nikizungumza huwa anasahihisha madaftari, anaweka kalamu chini na kukunja mikono. Nikimaliza, Muuguzi anashusha pumzi na kusema kwamba mtu yuko mbali kote huko na bado ameona kuliko sisi tuliokodolea macho kioo cha kompyuta. Kisha inafika zamu yangu. Natoa maoni yangu, wanasema haya, sawa, halafu Kinyozi anauliza nani anataka chai.

Roho iliniuma, sitaki kukuficha. Ni mimi niliyekupeleka ukumbi wa sinema mara yako ya kwanza, ukasinzia kabla ya nusu, nikakuamsha kwa kiwiko. Ni mimi niliyekufundisha kukaa mpaka majina yote yaishe kupanda. Leo wao wamekupa jina la Jicho, na mimi nimebaki Sindano, na sidhani ni kwa sababu ya kazi yangu peke yake.

Mwezi uliopita ndipo mambo yalipozidi. Tulitazama ile filamu ya mama anayefua mashuka ya hospitali, aliyegombana na binti yake wa kiwandani, wakaishi nyumba moja bila kusemezana. Unakumbuka inavyoisha: mama anapanda treni, binti haji stesheni, basi. Mwalimu alikasirika kweli. Alisema ametazama kwa saa mbili akisubiri watu wapatane na hawakupatana, na kwamba huo ni uonevu kwa mtazamaji. Ndipo nikafungua karatasi yako, nikasoma kwamba walipatana. Kwamba koti la kijani la yule mama lilikosa kifungo cha tatu filamu nzima, lakini pale kwenye treni kifungo kipo, na kimeshonwa kwa uzi wa bluu, uzi wa sare za kiwanda cha binti. Kwamba kuna mkono uliolichukua lile koti mwenyewe akiwa amelala, na mkono huo haukutaka kusemwa.

Kinyozi alikimbilia kompyuta, akairudisha filamu, akaisimamisha pale pale kwenye treni. Uzi wa bluu huo hapo. Muuguzi alifuta machozi kwa ukingo wa mtandio. Mwalimu aliomba radhi kwa filamu, kana kwamba filamu ilikuwepo ikimsikiliza. Kesho yake Kinyozi alinakili maneno yale yote kwa mkono wake, akayabandika kwenye kioo kikubwa, na chini yake akaandika jina lako. Sasa kila anayekuja kunyolewa anayasoma akiwa na povu kidevuni. Mimi mwenyewe nimeyasoma nikinyolewa, na nusura nijikate kwa wembe wa mtu mwingine.

Najua hapo umesimama, umekunja uso, unajiuliza uliandika lini habari za kifungo. Vumilia kidogo, nakuja.

Kwa ajili ya likizo yako, Kinyozi amepanga makubwa. Ameazima viti kwa majirani, amewaalika watu wa maduka yote ya mtaa wetu, ataionyesha tena filamu ya koti, na wewe utasimama mbele uieleze. Kila mtu amepewa kazi. Na kazi ya kukushonea shati la siku hiyo amepewa nani? Mimi, bila shaka. Nilitabasamu, nikasema hakuna tabu, nikaenda kununua kitambaa. Kisha nikakata kola ndogo kuliko shingo yako kwa upana wa kidole. Shingo yako naijua kama ninavyoijua yangu, kwa hiyo usidhani nilikosea. Nilitaka usimame mbele ya watu wote na usiweze kumeza mate. Mtu mzima mimi, mwenye mke na duka, nilikaa hapa na mkasi nikakokotoa jambo hilo kwa kuridhika kabisa.

Jana, baada ya kikao, Muuguzi hakuondoka na wenzake. Alinifuata mpaka dukani, akakaa kwenye stuli ya wateja, akawa anachezea mkebe wangu wa vifungo. Kisha akaniuliza, kwa sauti ile ya kumuuliza mgonjwa amekula nini, Jicho amejifunza lini kushona. Nikajifanya sikuelewa. Akasema kwamba wiki hizi zote fundi umeme anaona pindo, mabega na nyuzi, na fundi cherehani anazungumzia taa na vivuli, na kwamba yeye amefanya kazi wodini miaka ishirini na sita na anatambua vyeti vya wagonjwa vilivyobadilishwa vitanda. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba hatasema neno mpaka ufike, lakini ukifika na ukiulizwa, hatadanganya. Akaninunulia vifungo viwili ambavyo hakuvihitaji, akaenda zake.

Basi ngoja niliseme mwenyewe. Nimekuwa nikibadilisha barua zako.

Ilianza na ile filamu ya ndugu wawili wanaoendesha teksi moja kwa zamu. Uliandika vizuri mno: kwamba kila kaka mkubwa anapodanganya, taa iko nyuma yake na uso wake hauonekani. Bahasha niliifungua kabla ya Jumapili, nikasoma nikiwa peke yangu, nikahisi wivu kama njaa. Nikasema moyoni, mbona maneno haya yasiwe yangu mara moja tu? Jumapili nikayasema kama yangu. Na kwa kuwa ilibidi nisome kitu kwa jina lako, nikasoma ya kwangu, ambayo niliyaona hafifu: kwamba wale ndugu wana koti moja tu, linamshuka mdogo mabegani, na siku anayoendesha teksi peke yake koti limepunguzwa, linamkaa. Nilitegemea watapiga miayo. Nilitegemea, kwa mara ya kwanza, chai iulizwe baada yako.

Kinyozi alipiga goti lake kwa kofi. Mwalimu alisema huyo Jicho si mtu wa kawaida. Na maneno yako, yaliyotoka kinywani mwangu, yaliitikiwa haya, sawa.

Hapo ningeacha, mtu mwenye akili angeacha. Mimi nilirudia wiki iliyofuata, na iliyofuata, kwa hasira, kama mtu anayekuna kidonda. Kila Jumapili nilikuvisha maneno yangu na kuvaa ya kwako, na kila Jumapili ulishinda. Kile kifungo cha uzi wa bluu nilikiona mimi, Jicho. Nilikiona Jumatano ile, nikiwa kiti cha nyuma, nikashika mdomo nisipige kelele. Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona kwenye filamu, na nilikitoa kwa jina lako kwa sababu nilishajifungia humo na sikujua pa kutokea. Sasa kimebandikwa kwenye kioo na mimi namwonea wivu mtu ambaye maneno yake ni yangu. Sijui hata kama wanayapenda maneno yenyewe au wanalipenda jina lililo chini.

Na wewe nimekudhulumu vibaya zaidi. Majibu yote uliyoyapata kutoka kwa kundi niliyaandika mimi, mafupi na baridi, kwamba wamesikia, kwamba wanakusalimu. Ndiyo maana barua yako ya mwisho inasema unaona umewachosha na pengine hii iwe ya mwisho kuandika. Niliposoma mstari huo nilifurahi. Ninaliandika hilo ili usije ukanifikiria mwema kuliko nilivyo. Nilifurahi kuanzia asubuhi hadi mchana, kisha furaha ikaniishia, nikabaki nimekaa na karatasi yako, nikikumbuka tulivyokuwa tunarudi kutoka sinema kwa miguu tukizungushia mitaa miwili ya ziada ili tusimalize mazungumzo. Hukuwachosha. Hawajawahi kukusikia.

Dereva anaondoka saa nane mchana huu, na nitampa bahasha kubwa. Ndani zimo barua zako zote, zile halisi, na shati. Kola nimeifumua na kuikata upya, itakukaa. Siku ya siku, waambie watu unavyotaka. Ukisema ukweli, nitakuwa nimesimama pale mlangoni nisikie. Ukinyamaza, nitasema mimi, nimeshaamua, na Kinyozi ataibandua hiyo karatasi yake kwenye kioo au atalibadilisha jina, shauri yake.

Ninaomba jibu la jambo moja tu, na ulitume na lori hilihili likirudi. Wao siwezi kuwaamini tena, maana sijui walikuwa wanasikiliza nini. Lakini wewe, katika barua hii, ulipofika pale kwenye habari za koti hukujua maneno ni ya nani. Ulijua tu kwamba si yako. Kile kifungo, Jicho. Uliposoma, ulikionaje?

Nisalimie mafundi wote, na yule jirani yako wa kitanda anayekoroma. Shemeji yako anasema usisahau sweta, asubuhi zimekuwa za baridi njiani. Mama yako nitampitia tena kesho.

Ni mimi, aliyekuamsha kwa kiwiko,

Sindano