Fimbo Ndani ya Eda

Jumapili, 14 Julai 2024

Kora kaja! Kwanza kanisani, Minara Miwili, kisha huku mtaani Malindi kwa shangazi, na gauni lake la misa na ala ndefu ya mwamvuli begani. Ndani ya ala hamna mwamvuli. Mna fimbo mbili za henzirani.

Shangazi Mwanapili kampa chai na mkate wa ufuta, kamuuliza hali ya mama yake huko Ufilipino, kisha akaziona fimbo. Akauliza kama mwenye eda anaruhusiwa kucheza mwaka kogwa, mapigano yale ya Makunduchi, uani. Nikamwambia huu si mchezo. Akasema anajua si mchezo, ndiyo maana anauliza.

Mimi na Kora tulifanya kazi hoteli moja Matemwe. Yeye upande wa masaji, mimi kufua mashuka. Huko ndiko alikoziona alama za mikononi mwangu, na mimi nikasema mlango. Hakuniuliza tena. Safari hii nimemwita mwenyewe, kwa sababu Alhamisi Abrahman alikuja kuutikisa mlango wa shangazi mpaka komeo likalegea. Shangazi alimpigia kelele kutoka dirishani, akaondoka.

Abrahman kaniacha mwezi uliopita, talaka moja, kwa sababu ya shati lisilopigwa pasi. Talaka moja ni nusu kuachwa. Mpaka eda itoke, akisema neno tu mbele ya watu nimerudi kwake, nitake nisitake. Mwenyewe hataki kulisema. Anataka niende kwa magoti. Ndiyo anatikisa milango.

Kora anauita mchezo wake arnis. Kafunzwa na babu yake, mkata miwa. Leo mapigo mawili tu. Uno, kutoka juu kulia. Dos, kutoka juu kushoto. Uno, dos, uno, dos — bega limewaka moto. Na nimecheka, mimi! Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Alhamisi, 18 Julai

Damu ya pili imekuja. Shangazi kanieleza tena, kana kwamba mimi ni mtoto: bado moja. Siku damu ya tatu itakapoonekana tu, hata tone, mimi si mke wa mtu.

Nimetundika mto kwenye kamba ya nguo nikaupiga asubuhi nzima. Umepasuka. Sufi imejaa uani mpaka kwenye sufuria ya mchuzi. Shangazi kaninunia mpaka chakula cha mchana.

Jumapili, 21 Julai

Somo la leo: mkono. Mimi nilikuwa nalenga kichwa, kwa hamu kubwa, na Kora akanizuia. Kasema kichwa niache. Mkono unaokushika ndio nyoka, vidole ndiyo meno. Mng'oe meno, nyoka atabaki kamba.

Kachora pembetatu kwa chaki sakafuni. Nisirudi nyuma, nikanyage pembe, nitoke upande. Mkono mtupu nao usilale, ukae kifuani, ulinde. Kisha kaninyang'anya fimbo akaniambia nipigane na nilichonacho. Nimepigana na mwiko wa pilau! Shangazi alikuwa mlangoni. Kasema huo mwiko usirudi jikoni kwake bila ya kuoshwa.

Na mwisho Kora kasema jambo ambalo linanikaa rohoni. Hii si ya kushinda mtu. Ni kupiga, kutoka, kukimbia, kupiga kelele. Nikamuuliza nikimbilie wapi. Mwenye eda hatoki nyumbani. Akanitazama. Kwao hamna eda.

Jumatano, 24 Julai

Abrahman kapita barazani asubuhi, na alasiri tena. Hakumsalimia mtu. Nimeiweka fimbo nyuma ya mlango wa chumba. Sili vizuri.

Ijumaa, 26 Julai

Nitaandika yote.

Shangazi alikwenda hitmani, kisomo cha maiti, nyumba ya tatu kutoka hapa. Mlango wa mbele kaurudishia tu. Siku ya Ijumaa haufungwi, ndiyo ada yake, wanaotoka msikitini waingie kumpa mkono. Mwana wa watu, mwema mpaka basi! Na mimi sikwenda kutia komeo, kwa sababu ni mlango wake, na Ijumaa ni Ijumaa.

Abrahman hodi hakupiga. Nilikuwa natoka uani na beseni la nguo, nikamkuta ukumbini, kasimama, anatabasamu. Kasema twende, gari iko Darajani. Nikasema siendi. Nikatupa beseni nikaiwahi fimbo.

Uno! Ncha ikagonga ukuta. Chokaa ikanimwagikia mimi mwenyewe machoni. Uani kuna nafasi, nimejifunzia uani, na ukumbi wa shangazi watu wawili wanene hawapishani. Hata hilo hatukulifikiri, mimi na mwalimu wangu! Abrahman kacheka. Kaishika kanga yangu shingoni kaikaza, akaizungusha mkononi, mpaka nikaona nyota.

Sikufikiri kitu. Mkono wenyewe ukateremka ukaishika fimbo katikati, nikamchoma mbavuni kwa kitako chake. Kaachia. Kanyanyua mkono wa kulia anizabe kofi, lile kofi lake ninalolijua, na mimi nikaupiga ule mkono. Kifundoni. Ulilia kama muhogo mkavu ukivunjwa.

Akakaa chini. Kautazama mkono wake kwa mshangao. Kasema polepole, "Umenvunja." Kisha akainuka akatoka.

Watu walikuwa wanatoka msikitini. Nikasikia anaulizwa, anasema kateleza. Mtu mmoja akachungulia ndani, akaniona nimesimama na fimbo, kichwa kizima chokaa. Kicheko! Kikaanza kwa mmoja kikapokewa na baraza zima.

Nilifurahi. Sijifichi hapa. 

Jumamosi, 27 Julai

Ami Muhiddin kaja. Ndiye mdogo wake shangazi, na ndiye aliyeniozesha baada ya baba kufa. Hakuuliza kama nimeumia. Kasema Abrahman kafungwa plasta mpaka kiwikoni, na yeye Muhiddin hana pa kuuweka uso. Mwanamke gani anavunja mkono wa mume?

Nikamwonesha shingo. Kasema kanga yoyote ikikazwa huacha alama.

Miaka saba namwambia. Sikio, bega, jino hili la pembeni. Na miaka saba ananiuliza swali lile lile: nani kaona? Safari hii hakuwa na haja ya kuuliza. Baraza zima limeona — limeniona mimi.

Jumapili, 28 Julai

Nimemweleza Kora yote. Kauliza baada ya kumpiga nilikwenda wapi. Nikamwambia nilifagia chokaa, nikaosha nguo upya, nikapika.

 Kasema babu yake alimfunza kila kitu mpaka pale adui anapoangusha fimbo. Siku ya pili yake hakumfunza. Hatukufanya mazoezi. Tumemenya vitunguu thomu vya shangazi, na Kora kalia kidogo akasingizia thomu.

Jumanne, 6 Agosti

Mardhiya kapiga simu. Ni dada yake Abrahman, na ananipenda, sijui kwa nini. Alikuwa ananong'ona.

Kasema kaka yake alitaka kuniona nimepiga magoti tu, kunirejea hakuwa na nia. Keshapeleka maneno Chwaka, kuna msichana huko. Angeniacha eda itoke nikapita zangu. Lakini tangu siku ile, kazini kwake bandarini wanamwita Bwana Plasta. Wapagazi wanamwita, watoto wanamwita. Msichana wa Chwaka naye kasikia, wazee wake wamerudisha maneno. Sasa kaapa atanirejea.

"Hakutaki, wifi," kasema Mardhiya. "Anataka urudi akulipe. Anangoja plasta itoke tu, apate mkono."

Kwa hiyo ni mimi niliyemwamsha. Pigo moja zuri, la kitabuni, na nimejipiga mwenyewe.

Lakini nimehesabu. Plasta haitoki mpaka Septemba. Damu yangu katikati ya mwezi huu, haijawahi kukosea tangu nilipovunja ungo. Damu itamtangulia. Itamtangulia, inshallah.

Jumatano, 14 Agosti

Ilikuwa ije jana, au leo. Bado.

Na shangazi — Mungu amsamehe, mimi bado sijaweza! Kwetu, mwanamke akitoka eda huogeshwa, akasingwa liwa, akafukizwa, akavishwa asumini. Basi asubuhi kabeba kikapu chake kaenda sokoni, kanunua liwa, kanunua udi, kaagiza vikuba vya asumini vya Ijumaa. Muuza maua kamuuliza nani biharusi. Na yeye, kwa furaha yake, kajibu mwanangu Nassra anatoka eda wiki hii. Kwa muuza maua! Bora angepanda mnara akatangaza.

Nikamwambia, shangazi, haijaja hata. Kasema itakuja, kwani imewahi kwenda wapi? Kisha akaniona uso wangu, akakaa juu ya kitanda na kikapu chake mapajani.

Ijumaa, 16 Agosti

Haijaja. Asumini zimeletwa. Zimo ndani ya bakuli la maji, zinanukia nyumba nzima, na sina ruhusa ya kuzivaa.

Nimekunywa tangawizi, nimekunywa mdalasini, nimepanda na kushuka ngazi mpaka mapaja yakakakamaa. Nimeupiga mto mpya. Shangazi kasema ni hofu, hofu inafunga damu, nitulie. Nitulie! Kila nikienda chooni naomba, kila nikitoka natamani kupiga ukuta kwa kichwa. Mwili wangu mwenyewe umehamia upande wa Abrahman. Kora kanifunza kupiga mkono, goti, kiwiko, mbavu. Hapa nipige wapi?

Jumapili, 18 Agosti

Wamo ukumbini sasa hivi. Naandika chumbani, mlango nimeurudishia.

Wamekuja baada ya alasiri. Ami Muhiddin, Maalim Wakil wa chuoni, na Abrahman na plasta yake ndani ya kitambaa shingoni. Kapata habari za asumini. Hakungoja mkono upone. Kwa kusema neno mkono hauhitajiki.

Nilikuwa tayari kwa kila kitu kingine. Kora alikuwa amefika, fimbo tumeshashika. Nilijua namna ya kusimama kwenye ukumbi mwembamba, tumeufanyia mazoezi wiki mbili, ule ukumbi. Na wao wakapiga hodi kwa adabu, wakavua viatu, wakakaa. Abrahman kamwamkia shangazi shikamoo.

Maalim Wakil kasema kwanza, kabla Abrahman hajafungua mdomo. Nimesikia kila neno. Kama eda imetoka, Abrahman hana chake hapa. Akinitaka aje kuposa upya, na mimi nina haki ya kukataa. Kama haijatoka, atamke sasa hivi, yeye Maalim na Ami Muhiddin ndio mashahidi, na mimi nifunge nguo zangu.

Ami kasema basi aitwe mkunga anitazame.

"Hatazami mtu," Maalim kamkata. "Jambo hili kaachiwa mwanamke mwenyewe. Atakalosema Nassra, ndilo."

"Hata bila ya shahidi?"

"Hata bila ya shahidi, Muhiddin."

Nimeomba muda. Kanipa. Kasema nijibu kabla ya magharibi, wapate kwenda kuswali.

Nimetazama tena sasa hivi. Kitambaa cheupe. Hata doa.

Kora kakaa kitandani na fimbo mapajani. Kaniuliza kati ya wale watatu yupi wa hatari, asimame mbele yake. Nimemwambia hakuna.  Sina Kiswahili chepesi cha kumweleza.

Shangazi kaingia. Kasema, "Mimi sikwambii useme nini, mwanangu. Na mimi ntakuja kuulizwa na Mungu." Kanifunga vizuri mtandio wangu. Vidole vyake vilikuwa baridi. Katoka.

Miaka saba nimesema kweli tupu katika nyumba hii. Sikio kweli, bega kweli, jino kweli. Kila mara wakataka shahidi. Leo ndiyo mara ya kwanza neno langu linatosha. Wameacha kazi zao wakaja kulingoja. Wataliamini, litapita, hakuna atakayeuliza nani kaona. Na kweli ya leo ni ya Abrahman.

Uongo sijazoea. Na uongo wa jambo hili si uongo wa mlango. Kitu pekee ambacho Abrahman hakuwahi kunivunjia ni sala yangu. Nimeswali na jino limetoka. Nimeswali nikiwa siwezi kuinama.

Adhana imeanza. Msikiti wa hapa chini, kisha wa Funguni.

Viti vinasogezwa. Maalim anasema basi, ameamua nini binti.  Nasikia miguu ya shangazi inakuja mpaka mlangoni kwangu, inasimama. Kila siku saa hizi ananiuliza jambo lile lile, akiwa jikoni, bila ya kunyanyua kichwa. Mwanamke aliye katika damu hatandikiwi msala. Kila mtu ukumbini analijua hilo, hata Ami Muhiddin.

Leo kauliza kwa sauti kubwa, wasikie wote watatu.

"Nassra! Unaswali?"

Nikisema naswali, nimerudi kwa Abrahman; nikisema siswali, niko huru, na sala imenipita. Maji ya udhu yamo ndoani, hapa miguuni. Kora anasema naitwa. Najua. Udhu nilionao ni wa alasiri, bado sijautengua. Shangazi hajaondoka mlangoni. Nasikia anavyopumua.