Maxine na Kiingereza Chake

Jumatatu, 3 Machi 2025
Kompresa ya chumba baridi ilizima tena. Viazi vya wakulima wa Kibirichia vimeanza kutoa jasho. Nikalala sakafuni, nikapata bomba limepasuka, nikachomelea, nikajaza gesi. Kufikia jioni chumba kilikuwa baridi. Halafu ripoti — kwa Kiingereza, kama kawaida — akaandika Maxine. Meneja akaisoma, akamsifu Maxine! Tulimaliza chuo pamoja, kozi moja ya majokofu, na kwa vitendo nilimpita. Lakini yeye alisomea Kaaga, shule ya Kiingereza tupu. Kwetu hata somo la Kiingereza tulifundishwa kwa Kimeru.

Jumanne, 4 Machi
Wanatafuta msimamizi wa mitambo. Intavyuu Ijumaa, na wanunuzi kutoka Uholanzi watakuwepo. Tumeomba wawili tu, mimi na yeye. Nina wivu, basi. Hata akisema "good morning" nakereka.

Jumatano, 5 Machi
Maxine aliniletea chai karakana. Akauliza lile bomba lilipasuka kwa nini hasa. Nikamweleza kwa Kimeru, tena nikamchorea sakafuni kwa chaki — gesi inatoka wapi, inarudi wapi. Alipoondoka ndipo akili ikanirudia. Mjinga mimi! Nimempa intavyuu nzima mkononi.

Alhamisi, 6 Machi
Mazoezi mbele ya kioo. "The compressor, it is…" Nikakwama hapo. Jirani akagonga ukuta, akauliza nagombana na nani. Mtaa huu wa Majengo hauna siri.

Ijumaa, 7 Machi
Niko kwenye benchi nje ya ofisi. Maxine yuko ndani. Wanacheka! Mpaka Mzungu anacheka. Mungu, aulizwe swali gumu. Nisamehe — aulizwe mawili.

Ametoka. Amekuja moja kwa moja kwangu.

"Gitobu, nimewaambia ukweli. Hizo ripoti mimi huandika tu, fundi ni wewe. Wanataka uwaexplainie ile ya bomba."

Nikamwambia anajua vizuri sitaweza.

"Kuna ubao huko ndani. Wachoree tu vile ulinichorea." Akanitilia kipande cha chaki mkononi. Kile changu cha juzi!

Nilitaka awe mbaya. Angekuwa mbaya ningemchukia kwa raha zangu. Sasa hata kwa wema amenishinda!

Sijasema asante. Chaki imeanza kulowa jasho. Meneja amefungua mlango, ananiita kwa Kiingereza, na Maxine bado amesimama hapa, anangoja niingie.