Jina Langu kwenye Mstari wa Mia Mbili na Kumi

Daejeon, 9 Aprili 2007

Kwako dada Sun-mi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mama, na kwamba maumivu ya goti lake yamepungua. Mimi sijambo. Kimchi uliyonitumia, ile kabichi kali ya kuchachushwa, niliificha, lakini wenzangu waliinusa, na sasa limebaki kopo tupu.

Najua bado una hasira na tovuti ya manispaa. Ulijaza fomu ya kuomba kibanda cha kuuzia ngisi wako wakavu, ukabonyeza, ukajibiwa kwamba kivinjari chako, programu unayofungulia tovuti, hakiruhusiwi. Ukanipigia: “We Tae-ho, si ndiwe uliyeniwekea hiki cha bure? Haya, kimenifungia mlango.” Nikacheka, nikasema ni ujinga wa manispaa. Siku ya mwisho ikapita na kibanda ukakikosa.

Kila Jumamosi tunakutana watu sita juu ya duka la tambi, tunakitengeneza kivinjari hicho huria kwa kujitolea. Kiongozi wetu, Bi Ok Hye-jin, ni mzaliwa wa huko kwetu na hajui kubembeleza. Mwaka mzima ameisumbua manispaa, akisema tovuti ifuate viwango vya wote, si matakwa ya kampuni moja. Wiki iliyopita walikubali, wakatupa sisi kazi ya kuirekebisha. Kila kivinjari kitapokewa, na waliokataliwa wataomba upya hadi mwisho wa mwezi.

Ijumaa msimbo wa tovuti, yaani mistari ya maagizo inayoiendesha, utawekwa hadharani pia. Kwa desturi yetu, kumbukumbu huhifadhi jina la aliyeandika kila mstari, hata ukishafutwa. Ndiyo maana naandika leo.

Mstari wa mia mbili na kumi, uliokufukuza, ni wangu. Niliuandika miaka mitatu iliyopita nikiwa kibarua kwa mkandarasi wa manispaa. Tulibakiwa na siku mbili. Badala ya kupima vivinjari vyote, nikaruhusu kimoja tu. Uliponipigia nilikumbuka palepale, nikacheka kwa woga. Naona aibu, dada. Nisamehe.

Hye-jin alipoliona jina langu hapo, aliniuliza kama mwingine aufute. Nilikataa. Jana niliufuta kwa mkono wangu, na jina langu sasa liko mara mbili, kwenye kosa na kwenye marekebisho.

Ukimaliza kusoma, jaza fomu kwa kivinjari kilekile, kisha nipigie unitukane vizuri. Mwambie mama nakuja siku ya kufungua kibanda, kubeba makasha.

Mdogo wako,
Bae Tae-ho