Kalafuu za Istanbul

Baba Nasimiyu, mwalimu wangu,

Pole na kujipikia. Leo binti yetu amenileta soko la viungo la Istanbul, la tangu enzi za masultani. Ni kama soko letu la Chwele, ila lina paa, na muuzaji anakupa chai kabla ya kukutajia bei ya kutisha.

Nilinyoosha kidole nikasema, "Nipe kalafuu." Wewe ungeniambia, "Sema karafuu," kama miaka hii yote. Mzee wa duka alifurahi: "Karanfil!" Ati ndivyo Waturuki wanaita. Si unaona? R iko, l iko. Kumbe nilikuwa nusu sawa. Wewe pia, nusu tu.

Nakuletea kilo nzima. Nimekumiss, bana, lakini hii kadi usiisahihishe.

Mama Nasimiyu