Mashine Inayokula Bila Kukua

Odette mwanangu,

Usicheke mwandiko huu, hata kama unafanana na kuku aliyekanyaga wino. Ni wangu mimi Papa yako, na nitakueleza kwa nini umeharibika. Kwanza niambie habari za huko mlimani. Mama yako ameamkaje? Kikohozi cha nyanya kimepungua? Maharage mliyavuna yote ama mvua iliwahi kuyaozesha? Mimi hapa Kalemie niko, nalala, naamka, nasaga unga wa watu.

Barua yako aliniletea yule mama anayeshusha maharage bandarini. Umeandika kwamba mwalimu amewaambia mpange vitu safu mbili, vyenye uhai na visivyo na uhai, na kwamba wewe uliweka mashine yangu ya kusaga pamoja na mbuzi na mti wa limau, darasa zima likacheka. Na wao walicheka upesi mno. Mashine inakunywa mafuta ya mazuti, inakula mahindi, inavuta hewa, inatoa moshi, inatetemeka. Sisi wenyewe asubuhi tunasema imeamka. Ingekuwa mimi mtoto, ningeiweka palepale ulipoiweka wewe.

Niliwauliza wamama waliokuwa kwenye foleni na mihogo yao mikavu. Mama Feza, muuza samaki mwenye mdomo usiopumzika, akajibu wa kwanza.

"Iko na uhai! Inakula kupita bwana yangu."

"Na inazala?" akauliza mwenzake.

"Hiyo hapana. Lakini hata bwana yangu, yeye hazalake, njo mimi ninazala!"

Walicheka mpaka unga ukawapalia. Lakini yule wa pili alikuwa ameshika jambo. Hapa ndani kuna mashine mbili, zimekaa bega kwa bega tangu kabla sijaanza kazi, na hazijazaa hata msumari. Tena tazama kula kwenyewe. Kila punje inayoimeza inatoka upande wa pili, imekuwa unga. Haibakizi kitu cha kujijenga mwili. Wewe bukari ya unga unayokula jioni inageuka mfupa, inageuka nywele, ndiyo maana mama yako analalamika kwamba sketi ya shule imekuwa fupi. Mashine inakula, lakini haikui. Basi ihamishe safu, mwanangu, ikae na mawe na sufuria bila aibu.

Sasa nije kwenye lile swali la pili, uliloliandika chini kabisa kwa herufi ndogo: "Na kama kitu kiko mbali, hukioni, unajua je kama kiko na uhai?" Hilo halikutoka kwa mwalimu. Halafu ukaongeza kwamba barua yangu iliyotangulia haikuwa mwandiko wangu. Nilisoma hapo, nikakaa chini juu ya gunia la watu.

Nilikumbuka mjomba wako alipofariki Lubumbashi. Tulikuambia anaumwa kidogo, tukakuacha unamwombea apone, na sisi wakubwa tulikuwa tumeshajua. Ndiyo desturi yetu, kuficha kifo mpaka ndugu wote wafike. Sikujua kwamba ulikuwa umetushika uongo, na kwamba sasa unahofia nami nimekufa unafichwa. Nisamehe kwa siku ile, na nisamehe kwa hii nyingine.

Ukweli ni huu. Foleni ilikuwa ndefu, mkanda wa mashine ukaanza kuteleza, na mimi, badala ya kuzima, nikausukuma na kipande cha ubao huku unazunguka. Haraka haraka haina baraka, nawaambia wengine kila siku. Mkanda ulivuta ubao na mkono wangu wa kulia pamoja. Ubao ulipasua bati la mashine. Kidole cha shahada kilikatika kwenye kiungo cha juu, na viwili vya jirani vikachunika. Pale kituo cha afya walinisafisha, wakanishona. Barua ile aliniandikia jirani yangu, fundi wa kushona nguo, nami nikamkataza kutaja mkono.

"Mukubwa, unamudanganya mutoto," akaniambia.

"Andika tu," nikamjibu. Niliona haya, na niliogopa mama yako asije akapanda gari kuja huku na kuacha shamba.

Basi sikiliza somo ambalo mwalimu wako pengine hana mfano wake. Bati lililopasuka siku ile bado limepasuka vilevile. Hakuna aliyelichomelea, na lenyewe haliwezi kujishona. Mkono wangu waliushona, ndiyo, lakini uzi walishautoa, na ngozi imejifunga yenyewe usiku na mchana, hata nilipokuwa nimelala. Asubuhi za baridi unauma sana. Mashine haiumwi. Ncha ya kidole haitarudi, sitakudanganya tena. Mjusi akikatika mkia huota mwingine, mimi si mjusi. Lakini nashika ufunguo, nafunga bolti, na patron mwenye mashine hajaniondoa kazini.

Nawe uliuliza unajua je. Ukikiita kitu chenye uhai, siku moja kitaitika. Uliniita, nimechelewa, lakini nimeitika.

Msomee mama yako yote, usiruke pale pa kidole, na umwambie asije, abaki avune. Nisalimie nyanya, umwambie dawa ya miti asiache. Nisalimie baba mdogo, katekista wetu, na mdogo wako anayenyonya, hata kama hanijui.

Nyuma ya karatasi nimeweka mkono wangu wa kulia, nikauzungushia kalamu ya biki. Utakiona kidole chenyewe kilivyo kifupi, usiogope. Weka wako juu yake. Kisha uuchore pembeni, unirudishie karatasi na yule mama wa maharage, nione umekua kiasi gani nami sipo.

Papa yako