Rangi ya Bibo Kwenye Redio ya Mama

Mama,

Imewaka. Naanza na hilo maana nakujua, ungenikatiza salamu uulize, "Redio je?" Imewaka, Mama, na ule mwanga wa bluu haupo tena. Kioo kizima kimekuwa rangi ya bibo lililoiva, lile la njano linaloelekea wekundu, kama ulivyotaka.

Ni mimi Somoe. Nipo Nachingwea, nyumbani kwako, nimekaa kwenye meza yako ya dirishani. Kaka Hamisi yuko uani anarekebisha banda la kuku. Duka langu la kutengeneza simu kule Ruangwa nimelifunga siku ya nne leo na wateja wananilalamikia. Waache walalamike.

Unakumbuka ulivyoichukia ile bluu? Miaka yote uliyokaa kwenye redio kol ya hospitali, ukiita zahanati moja baada ya nyingine, macho yako yalikuwa mazima. Ulipostaafu ukachukua leseni ya redio ya ridhaa, ukawa unaongea na watu wa mbali kwa kupenda tu, bila kutumwa na mkubwa yeyote. Hapo ndipo macho yakaanza kuingia ukungu. "Namba zinaogelea," uliniambia. "Hii bluu inanichoma. Wewe si fundi? Nibadilishie iwe kama bibo."

Mara ya kwanza nikasema nitakuja wiki ijayo. Mara ya pili nikasema vifaa havijafika. Mara ya tatu hukuomba. Nilikukuta umebandika karatasi ya njano ya peremende juu ya kioo, kioo kimekuwa giza totoro, na wewe unacheka peke yako. "Sasa sioni hata hiyo bluu!"

Nikacheka na wewe. Halafu nikapanda gari, nikarudi Ruangwa.

Mama, vifaa vilikuwepo.

Nilikuwa naogopa. Nafungua simu za watu kutwa nzima, lakini redio yako niliiogopa. Nilikuwa kidato cha pili nilipochomeka nyaya za betri kinyume kwenye ile redio yako ya kusikilizia habari, ikatoa moshi, ikafa palepale. Hukunigusa. Wageni walipouliza ukawaambia, "Ilikuwa imezeeka." Ungenichapa ningesahau. Ulinifichia aibu, nikashindwa kusahau, nikaapa sitagusa tena redio ya Mama.

Kisha ukaondoka. Mikorosho ilikuwa inatoa maua. Siku ile siwezi kuiandika, nairuka.

Baada ya arobaini Kaka Hamisi aliniita hapa barazani. Akasema, "Somoe, kitu kisichotumika kinaliwa na mchwa. Kuna mtu wa Dar anaitaka hii redio. Ila ukiweza kuongea nayo hewani kama Mama alivyokuwa anaongea, ni yako, na huyo wa Dar simjibu." Sikumlaumu. Alikuwa anaumia kuiona imefunikwa kitambaa kama maiti.

Basi nikasoma. Nilisoma vitabu vyako mpaka kurasa zikaachia, nikaenda kwenye mtihani, na nimefaulu, Mama! Barua ya leseni niliisoma nimesimama katikati ya stendi, nikalia mpaka dereva mmoja wa bodaboda akanipa pole ya msiba. Sasa nina herufi zangu za kujiitia hewani. Zako sikuzigusa.

Miezi hiyo ya kusoma nilikuwa nakuja hapa kila Jumamosi, saa nne asubuhi, kuwasikiliza wenzako wa baraza la hewani. Sikuwa na ruhusa ya kuongea, kwa hiyo nilikaa kimya. Mzee Komba wa Songea bado ndiye anayeita majina. Akifika kwako anasema, "Mama wa Nachingwea, nafasi yako." Kisha ananyamaza. Wote wananyamaza. Nasikia mvumo wa hewa tu. Halafu anasema, "Leo hayupo. Tuendelee."

Hakuna aliyekuwa amewaambia. Jumamosi baada ya Jumamosi walikuachia nafasi yako, na mimi nimekaa mbele ya redio nimejiziba mdomo kwa khanga.

Halafu nikaharibu. Nilikuwa napangusa vumbi, nikakizungusha kile kitufe kikubwa, sauti zao zikapotea. Masafa yao umeyaandika kwenye daftari lako, tena kwa wino mwekundu, lakini kioo nacho kilikuwa kimeanza kufa. Taa ya ndani ya upande wa kulia ilikuwa imezimika, namba za mwisho hazionekani. Nikamulika tochi, wapi. Kioo kile bila taa yake ni cheusi kama sufuria ya kuni. Nikizungusha napata muziki, napata watu wanaoongea lugha nisizozijua, wao siwapati. Na asiyejua yuko kwenye masafa gani hafungui mdomo hewani, hata awe na leseni kumi. Hilo nimefundishwa na wewe.

Nikasema, sasa basi. Woga umefika mwisho wake.

Taa nilizitoa kwenye dashibodi ya gari bovu, kwenye gereji moja pale Ruangwa. Kila moja ni nusu ya punje ya ufuta. Niliziwasha zote kwa betri, nikazipanga mezani, nikachagua mbili zilizofanana na mabibo ya kijiji cha Narung'ombe. Ijumaa asubuhi nikaifungua redio. Kaka Hamisi alinishikia tochi saa tatu asubuhi, jua limejaa dirishani, na hakukubali kukaa. Skrubu nikaziweka kwenye bakuli lako la uji. Nikachomoa ule utepe wa nyaya unaounganisha uso wa redio na mwili wake, nikayeyusha risasi iliyoshika taa za zamani, zikatoka. Taa za njano zinataka umeme mdogo kuliko za bluu, kwa hiyo nikabadilisha na rezista zake, vile vipunguza umeme, zisije zikaungua. Muda wote nilikuwa napumua kwa mdomo. Kaka naye hivyohivyo.

Nikawasha.

Upande wa kushoto ukang'aa. Wa kulia, giza.

Kaka akasogeza tochi karibu. Mimi nikasikia harufu ya moshi ambao haukuwepo, Mama, nakuapia, nilikuwa kidato cha pili tena. Nikainama na lenzi yangu kuangalia. Kumbe ile taa ya kulia nimeiweka kinyume. Kosa lilelile! Tofauti ni kwamba taa hizi ukizigeuza hazifi, zinakataa tu kuwaka. Nikaanza kucheka mpaka machozi, Kaka akaniuliza kama anipeleke hospitali. Nikaigeuza taa, nikagusa risasi mara mbili, nikawasha tena.

Kioo chote, Mama. Kutoka pembe hii mpaka pembe ile. Namba zimesimama wima, nyeusi, hakuna inayoogelea. Kaka Hamisi alikaa chini sakafuni, mwanamume na mvi zake, akaitazama muda mrefu. Akasema, "Kumbe ndiyo hii aliyokuwa anaitaka." Halafu akatoa simu mfukoni. "Yule wa Dar namfuta sasa hivi."

Jana ilikuwa Jumamosi. Nilioga, nikavaa gauni la Idi, nikaweka namba kama zilivyo kwenye daftari lako. Saa nne kamili nikamsikia Mzee Komba, sauti ileile ya kukwaruza. Akaita mmoja, wa pili, wa tatu. Akafika. "Mama wa Nachingwea, nafasi yako."

Nikabonyeza. Nikataja herufi zangu polepole kama ulivyokuwa unataja zako. Nikasema, "Mimi ni Somoe, binti yake. Nipo Nachingwea. Mama alifariki. Naomba mtusamehe, mmemsubiri muda mrefu. Ova."

Nikaangalia kioo nione kama redio imezimika. Haikuwa imezimika.

Kisha Mzee Komba akasema, "Pole sana, binti yangu. Moyoni nilikuwa najua. Ila sikutaka kuwa mtu wa kumfuta kwenye orodha." Akakohoa. "Sasa niambie. Umekuja kutuaga, au unakaa?"

Nikasema, "Nakaa."

"Basi andikeni wote. Nachingwea ipo!"

Mama, ungewasikia! Waliingia wote kwa mpigo, sauti juu ya sauti, mwalimu wa Kigoma, yule bwana wa Zambia mwenye Kiswahili cha vitabuni, wote wanapiga kelele za kunikaribisha mpaka Mzee Komba akawafokea wafuate zamu. Akaniambia sauti yangu inafika safi kuliko yako, kisha akasema haraka, "Lakini asisikie kuwa nimesema." Kaka Hamisi alikuwa amesimama mlangoni anapiga makofi na koleo mkononi.

Wamenipa salamu nikuletee. Nilikuja makaburini jana alasiri, nikapalilia, nikasoma dua, salamu zenyewe nikarudi nazo nyumbani. Ndiyo maana naandika. Mwalimu wa Kigoma anasema mwanae uliyemwombea dua amepona. Bwana wa Zambia anasema asante kwa maneno yote uliyomsahihisha. Na Mzee Komba anasema kile kitendawili ulichomwachia Jumamosi ya mwisho ameshakitegua, lakini jibu hatoi kwa mtu mwingine, atakupa mwenyewe mkikutana. Nikamwambia, babu, usiwe na haraka.

Nakuahidi, Mama, Jumamosi yoyote nikiwa hai na mzima, jina la Nachingwea likiitwa litaitikiwa. Mungu akupanulie kaburi lako na alitie nuru. Pumzika, mama yangu. Huku tunasikika vizuri.

Mwanao,
Somoe