Namba Waliyoninyima

Jumanne, 6 Agosti 1974
Nimekwenda ukumbini kujiandikisha mbio za Mlima Skarth. Kaka yangu Isaac ndiye mwenyekiti wa kamati mwaka huu. Nikamwambia, andika: Edna Tallentire. Akacheka, akadhani nimekosea, namwandikisha mume wangu. Wilf, na goti lile!
"Mimi," nikasema.
"Wanawake hawakimbii Skarth, Edna."
"Nani kasema?"
"Sheria."
"Nionyeshe."
Hakunionyesha. Akaanza habari za moyo, eti moyo wa mwanamke hauwezi mwinuko ule. Miaka ishirini na mbili nakusanya kondoo mlima huohuo – mvua, theluji, mimba ya binti yetu tumboni. Moyo huo ulikuwa wa nani?

Ijumaa, 9 Agosti
Nimepanda na saa ya Wilf. Kutoka darajani hadi rundo la mawe kileleni na kurudi: dakika arobaini na moja. Kushuka ndiko ninakowapata wanaume. Wao hujizuia kwa visigino, mimi naachia mwili uende, macho mawe matatu mbele. Wilf kanuna, chakula kimepoa. Baadaye, akiosha sahani: "Arobaini na ngapi, ulisema?"

Jumapili, 18 Agosti
Nje ya kanisa, mama wa posta kanisimamisha. Mwanamke wa miaka arobaini na tatu, na kaptula, mbele ya kasisi?
Nikamwambia, basi kasisi afumbe macho.

Alhamisi, 22 Agosti
Isaac kaja shambani. Hakukaa. Kasema nikikimbia kamati itamvua uenyekiti. Dada wa tumbo moja kumfanyia hivi!
"Mimi sitaki kiti chako, kaka. Nataka namba."
"Namba sikupi."
"Basi nitakimbia bila."
Akamgeukia Wilf: mwambie mkeo. Wilf alikuwa anamsafisha mbwa sikio. Akasema, "Mwambie wewe. Mimi nimeishi naye, najua." Isaac kaondoka bila kuaga. Nimelia kidogo, zizini. Kisha nimefunga kamba mpya kwenye raba.

Jumamosi, 24 Agosti
Naandika ndani ya Landrova, uwanjani. Goti linavuja damu kwenye karatasi.

Nilijificha nyuma ya ukuta wa mawe. Bunduki ya kuanzisha mbio ilipolia nikaruka, nikawa wa mwisho kabisa. Nyuma yangu mtu akapayuka nirudi jikoni. Sikugeuka. Juu ukungu mtupu. Kileleni Joss Birkett, mchungaji jirani yetu, ndiye anayeandika wanaopita.
"Namba?"
"Sina."
"Haya, naandika Edna. Kimbia."
Kushuka nikaachia. Nikaanguka kwenye kokoto, nikainuka. Mmoja, wawili, sita – nikaacha kuhesabu. Nimemaliza wa tisa kati ya thelathini na wanne. Wa tisa! Wengine wakapiga makofi, wengine wakatazama buti zao.

Wakati wa kutaja majina, spika ikasema wa tisa ni Tom Wren, yule kijana wa machimbo. Tom akaenda mezani, akarudisha utepe wa zawadi. "Huyu mama alinipita pale ukutani, tukishuka. Nimekula tope lake, nalijua ladha." Watu wakacheka. Mshindi naye akarudisha kikombe, akaketi majanini. Kisha wa pili. Sasa wameketi wote, matope hadi kiunoni, hawapokei kitu.

Kamati imejifungia hemani nusu saa. Isaac katoka, kaja moja kwa moja hapa na karatasi. Wanataka nitie sahihi kwamba sikukimbia, nilikuwa juu natafuta kondoo aliyepotea. Nikisaini, zawadi zitatolewa, yeye atabaki na kiti.
"Tafadhali, dada," kasema. Sijamsikia akisema tafadhali tangu tukiwa watoto.
Namhurumia, kweli namhurumia.
Nimemuuliza huyo kondoo alikuwa na namba gani. Bado kasimama dirishani, mvua inaanza, na karatasi inalowa, bila sahihi yangu.